Mpangaji Asiye na Msiba

Nilimpa chumba cha uani kwa sababu hakuja na redio. Waliomtangulia kuulizia chumba walikuwa na maspika marefu kama makabati, na nyumba yangu si ukumbi wa harusi. Yeye alikuja na begi moja, boksi la vitabu, na pasi ya mkaa ameishika mkononi kama mtu anayeogopa kuibiwa. Nikamwuliza anatoka wapi. Akasema anatoka Zambia, ameajiriwa kufundisha fizikia katika sekondari ya kanisa hapo juu. Nikamwambia karibu sana, nikamwonyesha choo, nikamwonyesha bomba, nikaona nimemaliza kazi ya kupokea mgeni.

Jina analo, na ni jina zuri, lakini mwenyewe akipenda atawatajia. Shuleni na mtaani hapa Kinampanda walimwita Mwalimu. Mimi namwita Mpangaji mpaka leo, ingawa chumba kile ameshahama. Yeye aliniita Bamayo, ndivyo kwao wanavyomwita mama kwa heshima, na sikumkatalia, maana kati ya wanangu wa kuwazaa hakuna anayeniita kwa heshima namna hiyo.

Ile pasi nitaieleza kwanza, maana bila pasi huwezi kumjua. Kila Jumamosi asubuhi aliweka meza uani, akawasha mkaa, akanyoosha mashati ya wiki nzima. Upepo wetu wa Singida mnaujua, unachukua vumbi la barabarani unakuletea mpaka kwenye chai. Yeye hakujali. Anapiga pasi, vumbi linatua, anapangusa, anapiga tena. Na huku anaimba. Nyimbo zenyewe ni zetu zile za kanisani, sauti ileile kabisa, ila maneno ni ya kwao. Nami jikoni siwezi kusikia wimbo ninaoujua nikanyamaza, basi naitikia kwa Kiswahili. Mume wangu, Baba Elia, ambaye kwa siku nzima anaweza kusema maneno yakaenea kwenye kisoda, alipita siku moja na jembe lake akatuangalia.

"Mnaimba kama trekta mbili," akasema, akaenda zake.

Alikuwa mtu wa saa. Kadi ya harusi ikiandikwa saa nane, saa nane yuko ukumbini, amekaa na viti vitupu, anasubiri. Tulimweleza mara ngapi! Akasema, "Lakini Bamayo, si wao wenyewe ndio walioandika?" Sasa mtu huyohuyo wa saa, akiinjika maharage jikoni halafu akafungua kitabu, basi hayo maharage yamekwisha. Aliunguza sufuria zangu mpaka nikamtengea moja iliyokwisha kuwa nyeusi, nikamwambia hii ndiyo yako, iunguze unavyotaka.

Wanafunzi walimwogopa, na hajawahi kushika fimbo. Akikasirika alikuwa ananyamaza tu, darasa zima linatoka jasho. Mtu wa maneno machache hivyo, lakini mpe kuku. Alinunua kuku wa kienyeji akawapa majina ya kazi yake: Volti, Ampea, Wati, na jogoo akamwita Kilowati kwa sababu ya kelele. Hao alikuwa anawasimulia mambo marefu kwa lugha ya kwao. Nilikuwa nasikia nikiwa napeta mtama, nasema haya, angalau kuku wanaambiwa.

Na salamu zake! Kwao mtu akimsalimu mkubwa anapiga makofi taratibu na kukunja magoti kidogo. Wazee wetu walipenda sana, walikuwa wanapita hapa makusudi ili wapigiwe makofi. Tukamfundisha na shikamoo. Akaishika kwa bidii, shida ni kwamba alimpa kila mtu. Nilimkuta anamwamkia mjukuu wangu, mtoto ana kamasi mpaka kidevuni.

"Mwalimu, shikamoo hapewi mtoto!"

"Kwani huyu hastahili heshima?"

"Anastahili kofi, ndicho anachostahili. Elia mdogo, pangusa pua uje umwamkie mwalimu."

Chakula hakikumpa shida. Mgeni mwingine tukimpa mlenda anauvuta, anauangalia, anaomba chumvi, anaomba maji. Huyu siku ya kwanza nilipomwekea mlenda na ugali wa mtama, alichukua tonge, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Nikadhani kapata jiwe. Akasema kwao mama yake anaupika vilevile. Machozi yalimlengalenga, nami nikacheka, nikamwambia ni moshi huo. Siku nyingine dada yake alimtumia kifurushi cha viwavi vilivyokaushwa, chakula cha heshima kwao. Mama Hadija, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, alipochungulia kwenye bakuli alikimbia mpaka akaacha kandambili moja. Baba Elia akala. Akala tena. Akauliza kifurushi kingine kinakuja lini.

Hivyo ndivyo ninavyopenda kumkumbuka, na ningeweza kuishia hapo. Lakini itakuwa uongo, maana nusu ya mtu mwenyewe nitakuwa nimeiacha.

Kuna jambo ambalo sikulijua kuhusu wageni mpaka alipokuja huyu. Kipindi fulani shuleni kwao alikuja binti wa Kizungu wa kujitolea. Jamani, binti yule tulimtunza! Akipita, watu wanatoka nje: umelala salama, umekula, mbu hawakukusumbua, umewakumbuka wazazi? Mimi mwenyewe nilimpelekea mayai. Alipoanza kulia-lia kwa upweke, waliomleta wakampigia simu kila jioni, akapewa na mtu maalumu wa kuongea naye. Watu wakasema ni haki yake, yuko mbali na kwao, maskini.

Mpangaji wangu alikuwa mbali na kwao vilevile. Lakini alikuwa mweusi kama chungu changu, basi nani angemwuliza kama amewakumbuka wazazi? Sokoni wanamsemesha Kinyiramba. Akishindwa kujibu wanasema anaringa. Akisema mimi ni mgeni, wanacheka: mgeni gani, wewe ni mwenzetu. Na walisema kwa mapenzi, sikatai. Ila mtu ukishamwambia ni mwenzetu, umemwondolea na ruhusa ya kupotea njia.

Mwenyewe naye hakutusaidia. Ukimwuliza habari, jibu lake lilikuwa moja: "Niko sawa." Umeamkaje? Niko sawa. Mbona macho mekundu? Niko sawa, Bamayo. Mbona chakula umeacha? Niko sawa. Alilisema kwa upole na tabasamu, nami nina kazi zangu, nina alizeti ya kukamua, basi nilikuwa naondoka na lile "niko sawa" lake kama mtu aliyepewa chenji bila kuitazama.

Kumbe huku nyuma alikuwa anahangaika. Haya nimeyajua baadaye kwa kinywa chake. Alikwenda kutibiwa, akasema hapati usingizi na mwili ni mzito. Wakampima malaria, hana. Wakampa dawa ya malaria vilevile, maana mgonjwa hawezi kutoka zahanati mikono mitupu. Mara nyingine wakampima sukari na presha. Mara nyingine wakamwambia ni vidonda vya tumbo, apunguze maharage. Yeye alitaka kusema kilichomo ndani, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alijua kusema nipunguzie nyanya, alijua kusema naomba na mfuko. Hakujua namna ya kumwambia mtu aliyemaliza kuandika malaria kwamba kila asubuhi naamka nasikitika kuwa nimeamka.

Akatafuta kwenye simu. Akampata mtaalamu wa mambo hayo Dar es Salaam, lakini wa kuonana naye uso kwa uso kila wiki. Kutoka huku! Akampata mwingine kwao Lusaka, wa kuongea kwa simu, na wa lugha yake. Siku hiyo alipanda mpaka kwenye jiwe pale nyuma ya shule ambako mtandao unashika, akaeleza, akaeleza, alipofika penyewe ukakatika. Alipompata tena siku ya pili aliona aibu kuanza upya. Akasema nitakupigia, hakupiga.

Mwalimu mwenzake akamwambia amerogwa kwa ajili ya kazi, akamtajia mganga. Mchungaji akamwombea, na mimi ni mwombaji, siwezi kusema neno baya juu ya maombi. Ila mchungaji alimwombea apate mke. Mambo ya mke wake wa zamani alinisimulia nikiwa napeta, na ya kwenye ungo yabaki kwenye ungo.

Lakini lililomfunga mdomo zaidi ni kibali. Mgeni anafanya kazi kwa kibali, na kibali kinaisha, kinaombwa tena. Yeye alijiaminisha moyoni kwamba ikiandikwa mahali popote kuwa ana ugonjwa wa akili, kibali hakitatoka tena, na atarudishwa kwao. Na kwao ndiye aliyehesabiwa kuwa amefanikiwa. Dada yake alikuwa anamtaja kanisani. Basi kila alipompigia dada yake, alimwambia nini? Yuko sawa.

Likizo moja shule ikafungwa, wanafunzi wakaondoka, na upepo ukabaki na sisi. Jumamosi pasi haikuwashwa. Nikasema kachoka. Jumamosi nyingine haikuwashwa. Chakula nilichoweka mlangoni nilikikuta na nzi. Nikagonga, akaniambia niko sawa kutoka ndani, bila kufungua. Halafu siku moja mchana, nimekaa naosha vyombo, nikasikia mwanamume analia.

Sasa hapa lazima mnielewe. Mimi nimewasikia wanaume wakilia, lakini msibani. Nje ya msiba, mwanamume wa huku halii. Anaweza kuibiwa ng'ombe, anaweza kuachwa na mke, shamba likakauka, halii. Kwa hiyo mikono ikiwa bado na povu, mimi nilijua. Mpangaji wangu kafiwa kwao. Pengine ni mama yake yule wa mlenda. Amepata habari kwa simu, hana nauli ya kuwahi, hana ndugu wa kumwambia, kajifungia analia peke yake. Na kwetu mfiwa haachwi peke yake. Hata akiwa mtu mbaya haachwi, sembuse huyu.

Nikavuka barabara nikamwambia Mama Hadija. Huyu ni Mwislamu safi, lakini kwa misiba haulizi ni wa dini gani, anauliza sufuria ziko wapi. Akajifunga kanga. Baba Elia akaburuta gogo la kuni mpaka uani bila kuuliza neno. Mambo ya msiba hayahitaji mkutano. Huyu akaleta unga, yule ndoo ya maji, mwingine mkeka, na jua lilipopinda wanawake walikuwa wamekaa mikekani, wanaume wamezunguka moto, na mzee wa kanisa amefika na Biblia yake.

Mpangaji akafungua mlango. Shati halijapigwa pasi, ndevu zimemea. Akatuangalia.

"Bamayo, kuna nini? Nani amefariki?"

"Pole sana, mwanangu. Tumeshajua."

"Mmejua nini?"

"Usijikaze. Lia tu, uko kwenu."

"Lakini mimi sijafiwa."

Mama Hadija akaninong'oneza, "Wengine huwa hivyo. Hawakubali mpaka wazike."

Mzee wa kanisa akasimama, akavua kofia. "Mwalimu, tunaomba jina la marehemu, tulitaje kwenye sala."

"Hakuna marehemu, mzee."

"Ni mzazi, au ni ndugu?"

"Mzee, hakuna mtu aliyekufa!"

"Bwana akutie nguvu," akasema mzee, akaomba bila jina.

Alipoona hatutoki, aliingia ndani akatoka na simu, akapanda juu ya kinu changu kutafuta mtandao. Akampigia dada yake, akaweka sauti kubwa. Dada akacheka, akataja watu wa kwao mmoja mmoja, na ingawa hatukuelewa lugha, kicheko cha mtu asiye na msiba kinaeleweka. Wote wazima. Hata babu mzima. Simu ikakatwa. Tulikuwa tumekaa matanga ya mtu asiyefiwa, unga umeshakorogwa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndipo Mama Hadija akasema kwa sauti, si kwa kunong'ona tena, "Basi kama hakuna aliyekufa, mwalimu, ulikuwa unalia nini?"

Mpangaji akafungua mdomo. Nikaona kabisa lile "niko sawa" linakuja, linafika kwenye meno, halafu halikutoka. Akakaa chini pale pale mlangoni, akafunika uso.

"Mficha maradhi kilio humfichua," akasema mzee wa kanisa, na safari hii hakuwa na haraka ya kuomba.

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja akakunja mkeka wake. Baba Elia, ambaye tangu asubuhi hajasema kitu, akasukuma kuni ndani ya moto kwa mguu.

"Kuni zimeshaletwa," akasema. "Tukae."

Tukakaa. Siku tatu, kama msiba wenyewe. Wanawake tulipika, wanaume walilala pale kwenye moto. Hakuna aliyemwuliza tena. Waliongea habari za mvua, za bei ya vitunguu, za fisi aliyeonekana upande wa mtoni, na yeye amekaa katikati na blanketi. Wa kumpa uji yupo. Wa kumsindikiza chooni yupo. Mtu asiyependa kelele kama yule, sijui alivumilia vipi. Nadhani hakuwa na nguvu za kutufukuza.

Siku ya tatu asubuhi nilikuwa nawapelekea uji yeye na Baba Elia. Nikamsikia anasema, taratibu, kama anamfafanulia mwanafunzi.

"Baba, siku ile mlipokuja, nilikuwa nimeshaamua kufa. Mlinikuta nalia kwa kuaga."

Baba Elia akasema, "Basi tulikuja kwa wakati."

Mimi niliogopa. Sitaki kulizungusha, niliogopa, nikakaa chini na uji wangu mkononi. Nilifikiria siku moja tu. Ningekuwa nimeenda mashineni kukamua alizeti siku hiyo, je? Halafu hofu ikageuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa, nikaanza kumgombeza.

"Wewe! Ukae nyumbani kwangu, ule mlenda wangu, uniunguzie sufuria zangu, halafu ufe bila kuniambia? Hivyo ndivyo mnavyofanya Zambia?"

Akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka Kilowati akakimbia. Nami nikalia. Baba Elia akachukua uji wake akanywa.

Msiba ule ulimzuia asiende, lakini haukumponya, na hili nalisema wazi kwa sababu watu wa hapa wanapenda kusimulia kwamba tulimponya kwa ugali. Siku ileile Baba Elia aliazima pikipiki mbili tukampeleka hospitali kubwa. Tulimkuta muuguzi wa afya ya akili, binti mdogo, sauti ya chini. Mlango wake uko nyuma kabisa, ukipita kliniki ya kifua kikuu, hauna hata kibao.

"Mwalimu, umekaa hapa miaka yote, mbona hukuja?" akamwuliza.

"Sikujua kama mpo."

"Hata wenyeji hawajui," akasema yule binti, akavuta kiti.

Mpangaji aliomba niingie naye. Akauliza kama anaweza kusema kwa Kiingereza, akaambiwa sema unavyoweza. Alisema! Mimi sikuelewa neno, nikabaki kutazama dirisha, nikisikia tu mtu anavyotua mzigo. Alisema mpaka foleni ya nje ikaanza kuguna. Baadaye, kwa ruhusa yake, muuguzi akanieleza kwa Kiswahili: huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, si uchawi wala si uvivu wa kuomba. Una dawa na una mazungumzo, vyote viwili. Dawa haifanyi kazi leo wala kesho, kwa hiyo kwa sasa asiachwe peke yake. Kuhusu kibali, akamwambia mambo ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa na hospitali. Mwajiri atapata karatasi ya mapumziko, basi. Mpangaji akamwomba arudie. Akarudia. Akaomba tena. Yule binti akarudia bila kuchoka, Mungu ambariki.

Baada ya hapo tulibishana sana, mimi na yeye. Mimi husema watu ndio dawa. Yeye anasema dawa ndiyo dawa, na watu ni watu. Nilipoona amepata nafuu nikamwambia sasa acha hivyo vidonge, unakula vizuri. Akanikazia macho yale ya darasani.

"Bamayo, wewe presha yako ikishuka unaacha vidonge?"

Nikarudi kwenye ungo wangu, maana kweli nilikuwa nimeacha, na alijua.

Mtaa nao ulizidisha. Mama Hadija alikuwa anakuja kila alasiri anagonga: "Mwalimu, upo?" Mwingine anachungulia dirishani. Mtu anasahihisha mitihani, kichwa cha mtoto wa jirani kinatokeza: "Eti unaendeleaje?" Akatushinda kwa akili yake. Akachukua chaki akawa anaandika mlangoni kila asubuhi: MZIMA. Siku akijisikia vibaya anaandika: NUSU. Tukazoea, tukawa tunasoma mlango kabla ya kwenda shambani, na siku ya NUSU mtu mmoja anabaki nyumbani, anachambua mboga uani bila kumsemesha. Alitaka watu na hakutaka watu, vyote pamoja. Sijamwelewa vizuri mpaka leo, na sidhani kama kupenda mtu kunahitaji umwelewe wote.

Alipopata shule nyingine kule Kinyangiri, upande wa Mkalama, mtaa ulimsindikiza kama anakwenda Ulaya. Kuku alitugawia. Mimi nilimpa mafuta ya alizeti na onyo: ukisikia mambo yanakuja, nipigie. Akasema nitapiga, Bamayo. Akapiga makofi, akakunja magoti, akaondoka.

Mwaka huu baada ya mavuno alikuja kututembelea. Nilikuwa uani napepeta alizeti. Amekonda, nywele zimeingia mvi, lakini shati limenyooshwa. Tukasalimiana, nikamletea kigae cha karanga, akakaa kwenye gogo.

"Ulirudi lini?" nikamwuliza, maana nilijua likizo huwa anakwenda kwao.

"Kwetu sikwenda. Ugonjwa ulirudi, Bamayo. Wakati wa mvua."

Nikaweka ungo chini.

"Ulirudi namna ile?"

"Namna ile."

"Na hukunipigia!" Nilisimama, alizeti ikamwagika. "Nilikwambia nini? Kinyangiri ni mwezini? Ningekuja na Baba Elia. Ningekuja na Mama Hadija na sufuria zake zote!"

"Najua mngekuja."

"Sasa?"

"Nilikwenda kwa jirani. Wafugaji, hatukuwa tunajuana, tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Nikapiga hodi. Nikamwambia mzee wa pale: sijafiwa, lakini naumwa, moyo wangu unataka kufa. Naomba mtu aje akae na mimi mpaka kesho, nifike hospitali."

"Ulisema hivyo? Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili. Nilikifanyia mazoezi chumbani kwanza."

Hasira ilikuwa imenijaa, na wivu, siwezi kuficha. Kwa watu asiowajua! Watu ambao hata mlenda wao hajaula!

"Mbona wao? Mbona si mimi?"

Akamenya karanga, hakuila, akaishika tu kiganjani.

"Bamayo, wewe ulikuja bila kuitwa. Na mimi tangu siku ile nilikuwa sijui. Nilitaka kujua kama nikiita mwenyewe, huku ugenini, mtu atakuja."

Nikainama, nikaanza kuzoa alizeti iliyomwagika.

"Akaja?" nikamwuliza.

"Alikuja," akasema. "Amebeba kigoda chake mwenyewe."